Leseni Moja, Kaunti 47, na Mpaka wa Isebania

Mwenye bastola halali akitoka Kabianga, Kericho, kwenda Isebania hupita Sotik, Kisii na Migori. Anavuka mipaka ya kaunti kadhaa, na hakuna hata mmoja unaobadilisha haki yake wala wajibu wake. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni moja kwa Kenya nzima: cheti kinachotambuliwa Kericho kinatambuliwa Mombasa na Lodwar pia. Lakini akivuka tu na kuingia Sirari, upande wa Tanzania, bila vibali vya nchi zote mbili, cheti hicho hakimsaidii tena. Mtu aliyekuwa raia mwema asubuhi anakuwa mshukiwa wa kuingiza silaha nchi ya watu kinyume cha sheria.

Marekani mambo ni tofauti. Kila jimbo lina sheria zake za bunduki, kwa hiyo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri anayepita katika majimbo yenye masharti makali. Ulinzi huo una masharti: bunduki iwe haina risasi, na yeye wala abiria wake wasiweze kuifikia kwa urahisi. Hata hivyo, wasafiri wamewahi kukamatwa katika viwanja vya ndege vya New York wakidhani leseni ya kwao inatosha.

Wakenya wameepushwa na mkanganyiko huo, na hilo ni jambo la kushukuru. Tatizo ni kwamba urahisi huo umewafanya wengi waamini kuwa ukishapata cheti, kazi imekwisha. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa bunduki ikiwa njiani ni rahisi zaidi kuibwa, kusahaulika au kufyatuka kuliko ikiwa imefungiwa nyumbani.

Serikali imewahi kuonyesha kwamba inaweza kuwafuatilia wamiliki. Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye leseni wapigwe msasa upya, na makataa yakawekwa hadi Machi 2019. Zoezi lile lilikagua nani anastahili kuwa na silaha. Somo la namna silaha inavyosafirishwa bado halijafika vijijini kwa lugha ambayo watu wanaielewa.

Somo lenyewe si gumu. Kabla ya safari, mdomo wa bastola unaelekezwa mahali pasipo na mtu. Magazini inatolewa kwanza, kisha kifuniko cha juu kinavutwa nyuma na chemba inachunguzwa kwa macho na kwa kidole. Atakayetoa magazini na kuishia hapo anaweza kuacha risasi moja ndani, na hiyo moja inatosha kuua. Silaha inaingia katika kasha lenye kufuli, risasi zinawekwa kando, na cheti kinakuwa karibu ili askari akisimamisha gari asilazimike kungoja mtu apekue mizigo. Silaha haiachwi garini wakati dereva anateremka kunywa chai Sotik. Ikipotea, polisi waarifiwe mara moja.

Kwa wakazi wa nchi ya majani chai, jambo hili linawagusa moja kwa moja. Sondu, kwenye mpaka wa Kericho na Kisumu, ilikumbwa na mapigano Oktoba 2023, na baadhi ya majeruhi walikuwa wamepigwa mishale. Ugomvi kama huo ukipata bunduki, madhara yanakuwa makubwa zaidi. Ndiyo maana kila silaha ya moto inayoongezeka katika maeneo ya aina hiyo lazima ijulikane ni ya nani na iko wapi.

Wapo watakaouliza kwa nini wenye vyeti wasumbuliwe ilhali bunduki haramu zimejaa. Ni kweli zimejaa. Novemba 2016, Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto uliochoma silaha haramu 5,250 huko Ngong. Februari 2023, serikali iliwapa waliokuwa na silaha haramu katika kaunti sita za Bonde la Ufa siku tatu za kuzisalimisha kabla ya operesheni kuanza. Lakini bastola ikiibwa garini mwa mwenye cheti, kesho yake imejiunga na kundi hilo hilo. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, iliyotiwa saini na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka serikali ziwe na kumbukumbu kuu ya silaha za raia na masharti ya kuzihifadhi salama. Waliotia saini walielewa kuwa uhalali na uharamu wa bunduki hutenganishwa na uangalifu wa mmiliki.

Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha basi iandike ukurasa mmoja wa kanuni za safari, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, ubandikwe katika kila kituo cha polisi kuanzia Kabianga hadi Sotik, na kila mwenye cheti asomewe na autie saini anapokwenda kukihuisha. Isebania, na pia Malaba na Busia kwenye mpaka wa Uganda, ambako Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho tu, pawe na bango kubwa linalosema kuwa uhuru wa kuvuka mpaka hauhusu silaha, na afisa wa kumwelekeza mwenye bastola pa kuomba kibali kabla hajaukanyaga mstari wa mpaka.