Maswali Matatu Katika Daftari

Juma hili ninaleta neno ambalo kwa kawaida tunalisema chini-chini.

Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, alikutwa na kansa ya titi. Munganga akamwambia litatolewa. Akarudi nyumbani, akazifunga karatasi za hospitali ndani ya kitenge, akanyamaza miezi mitatu. Aliponifungulia moyo alisema: "Mwalimu, bwana ataniangalia namna gani?" Yeye alinyamaza, ugonjwa haukunyamaza.

Tujue hili: titi likitolewa, waganga wapasuaji wanaweza kutengeneza lingine. Njia moja ni kuweka kifuko cha silikoni ndani ya kifua. Nyingine ni kutumia mwili wa mgonjwa mwenyewe: ngozi na mafuta ya tumbo, au ngozi na msuli wa mgongo. Njia hiyo ya mgongo si mpya. Iginio Tansini, mpasuaji wa Italia, aliieleza mwaka 1906. Kazi inaweza kufanywa siku ile ile ya kutoa titi, au hata miaka baadaye. Anayehitaji matibabu ya miali mara nyingi huambiwa angoje kwanza.

Lakini tusidanganyane. Titi hilo halitoi maziwa, na mara nyingi halisikii mguso kama la zamani. Pengine operesheni moja haitoshi. Kwetu wenye ujuzi huo ni wachache, na bei ni nzito.

Kuna pia njia ya nyumbani: titi la kitambaa lenye pamba, na mbegu kidogo za kulipa uzito, linalowekwa ndani ya sutie kidonda kikisha kupona. Na kuna wanaochagua kubaki bila kitu. Hao nao ni wanawake kamili.

Tuliketi na yule mama, tukaandika katika daftari ya mtoto: Je, titi langu linaweza kutengenezwa? Wakati gani? Kwa bei gani? Akaenda nayo kwa munganga, bwana wake pembeni. Operesheni ilifanyika. Titi jipya hajalipata bado, lakini asubuhi ni yeye mwenyewe anayemleta mtoto shuleni.

Mama, ukigusa kivimbe, usikifunge ndani ya kitenge. Andika maswali yako, uende nayo. Nanyi wababa mnaosoma hapa, msimwache aende peke yake.