Rio Si Mji Mkuu wa Brazil, na Hilo Si Kosa la Muvi

Wasee, hii story tuimalize leo.

Kila mtu akiposti klipu ya I Still Know What You Did Last Summer, komenti ya kwanza ni ileile: "Mwandishi alitoroka jiografia." Mnacheka, mnalaiki, mnasonga. Mimi nasema mmekosea, tena vibaya.

Kwa wale hawajaicheki (imetoka 1998, kabla hata nizaliwe): Julie, yaani Jennifer Love Hewitt, hana usingizi tangu yale mauaji ya muvi ya kwanza. Simu inalia, ni redio, wanaulizwa mji mkuu wa Brazil. Yeye na beshte yake Karla, yaani Brandy, wanajibu Rio. Hongera! Mmeshinda safari ya Bahamas, watu wanne.

Mji mkuu wa Brazil ni Brasília, tangu 1960. Kwa hivyo walijibu vibaya wakapewa zawadi. Na muvi inajua hivyo! Julie mwenyewe anakuja kushtuka akiwa tayari kisiwani, mvua ya dhoruba inapiga na hoteli imefunga msimu. Hakukuwa na shindano lolote. Ile sauti ya redio ilikuwa ya Will Benson, kijana mpole waliyesafiri naye. Sasa kata hilo jina katikati: Ben, halafu son. Mtoto wa Ben Willis, yule muuaji wa ndoano. Jina lilikuwa mbele ya macho yetu muvi nzima na hakuna aliyelisoma.

Mkitaka kosa la ukweli, shikeni jina la muvi. Ile ajali iliyoanzisha kila kitu ilitokea miaka miwili nyuma, si "last summer". Hapo chekeni mpaka mchoke.

Sasa mbona nina hasira na muvi ya kitambo hivi? Kwa sababu mimi ni Julie.

Nikiwa mwaka wa pili chuo nilipigiwa simu ya kazi majuu, kazi ya hoteli. Intavyuu ilikuwa maswali matatu. La mwisho nililijibu ovyo, na nilijua nimelijibu ovyo. Jamaa akasema, "Hongera, umepita." Nikamtumia karo ya semesta nzima ati ya kushughulikia viza. Wiki hiyohiyo namba ikazimwa. Chuo sikurudi.

Nilipowaambia watu, kila mtu alikuwa na methali moja: wajinga ndio waliwao. Hiyo methali naichukia. Inamwacha mwizi aende zake, inabaki kumpima akili aliyeibiwa. Sikukosa akili. Nilikuwa nimechoka kuhesabu nauli, nimechoka kumwambia mathe "nitumie tu kidogo". Nilitaka sana mtu aniambie nimepita, na yeye alijua.

Will pia alijua. Hakuwa anatafuta watu wasiojua jiografia. Alitafuta msichana aliyechoka, anayetamani wikendi moja tu ya kulala bila kuogopa. Karla na Julie wangejibu Kisumu, bado wangeshinda Bahamas. Hiyo ndiyo inatisha kwa hii muvi, kuliko ile ndoano. Na nyinyi mnaiita kosa la mwandishi.

Kwa hivyo ukikosea na bado mtu akupongeze, usiseme asante. Kata simu, tulia, uliza anataka nini kwako. Na beshte yako akitapeliwa, usimuulize kama alienda shule. Mimi nilienda. Nilikuwa huko simu ilipolia.