Ndege mpya: zihesabiwe zilizotua, si zilizoahidiwa

Kila mara kampuni ya ndege inapotangaza kwamba imeagiza ndege mpya, picha zinazunguka haraka kwenye simu za wakaaji wa Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani. Viongozi wanaonekana wakitia sahihi na kupeana mikono, mfano mdogo wa ndege ukiwa juu ya meza. Kisha kimya. Mwaka unapita, mwingine unaingia, na ni wachache wanaouliza: ile ndege ilifika?

Swali hilo linastahili kuulizwa kwa sauti, kwa sababu kuagiza ni jambo moja na kupokea ni jambo lingine. Ndege ikisha kuundwa na kupakwa rangi, kiwanda kinairusha kwa majaribio. Baadaye mafundi na marubani wa mnunuzi wanaikagua. Malipo ya mwisho yanafanyika, hati za umiliki zinatiwa sahihi, ndipo inaanza safari ya kwenda kwa mwenyewe. Kabla ya hapo, kilichopo ni karatasi.

Wakongomani wanaijua karatasi hiyo. Mwezi wa 12 mwaka 2019, Congo Airways, kampuni ya serikali, ilitia sahihi na kiwanda cha Embraer cha Brazil ili kununua ndege mbili aina ya E175. Mwezi wa tano mwaka 2020 ilibadilisha agizo na kuchagua E190-E2, ambazo ni kubwa zaidi. Zilitarajiwa mwaka 2022, lakini hazikufika. Hata mwanzoni mwa kampuni hiyo, mwaka 2015, moja ya Airbus A320 zake mbili za kwanza ilizuiliwa Dublin, nchini Ireland, kwa ajili ya deni ambalo kampuni za Marekani zilikuwa zinaidai serikali ya Congo.

Ethiopian Airlines ni mfano tofauti. Ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza mwezi wa nane mwaka 2012, ikapokea Airbus A350-900 mwaka 2016, na mwezi wa 11 mwaka 2024 ikapokea A350-1000. Mara zote tatu ilikuwa kampuni ya kwanza Afrika kupata ndege ya aina hiyo. Kila ndege yake ina namba inayoanza na ET, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kufuatilia siku ilipotoka kiwandani na siku ilipotua Addis Ababa. Hata hivyo, nayo inangoja. Mwezi wa tatu mwaka 2024 iliagiza Boeing 777X nane, ndege ambazo kiwanda kiliahidi zingeanza kazi mwaka 2020 na zikachelewa kwa miaka mingi.

Hesabu za Addis Ababa zinawahusu Wakongomani moja kwa moja. Air Congo, iliyoanza safari za ndani mwezi wa 12 mwaka 2024, ni ya serikali ya Congo kwa asilimia 51 na ya Ethiopian Airlines kwa asilimia 49. Ilianza na Boeing 737-800 mbili. Hizo si ndege zilizotoka kiwandani juzi, na hakuna aibu katika hilo: ndege iliyotumika lakini inatunzwa vizuri inafaa kuliko mpya iliyobaki kwenye hotuba. Aibu ni kumwacha raia adhani kila rangi mpya ni ndege mpya.

Tena, upya peke yake si usalama. Tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines ilianguka karibu na Addis Ababa na kuua watu wote 157 waliokuwemo. Ilikuwa na miezi minne tu tangu ipokelewe. Uzee nao una hatari zake: wakaaji wa Birere, mjini Goma, hawajasahau DC-9 iliyoangukia mtaa wao mwezi wa nne mwaka 2008, ikiondoka kwenye uwanja ambao njia yake ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo tangu mwaka 2002. Ndege, utunzaji na uwanja vinakwenda pamoja.

Wengine watasema: bunduki zinalia, na habari za ndege zina faida gani? Faida iko hapo hapo. Kati ya Goma na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ambayo gari linaweza kufuata mpaka mwisho. Uwanja wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, M23 ilipoingia mjini, mfanyabiashara, mwanafunzi na mgonjwa walilazimika kuvuka mpaka na kupandia ndege Kigali ili wafike kwenye mji mkuu wa nchi yao wenyewe. Kwa mtu wa mashariki, ndege ndiyo barabara.

Kwa hiyo serikali, yenye asilimia 51, inadaiwa jambo rahisi: orodha ya wazi. Kila ndege iandikwe aina yake, namba yake, umri wake, mwenye kuimiliki, tarehe iliyotua nchini na miji inayohudumia. Inayongojwa iandikwe kwamba inangojwa, na ikichelewa, sababu itolewe. Waandishi wa habari nao warudi kuuliza baada ya sherehe, si siku ya sherehe tu.

Ahadi haina magurudumu. Mkaaji wa Goma au Bunia atakayeonyeshwa tena picha ya viongozi wakitia sahihi ana haki ya kuuliza mambo matatu tu: namba yake ni ipi, itatua lini, na itatua wapi?