Kitabu cha Pili cha Python: Tuchague kwa Kipimo Gani?

Mwalimu mwanafunzi aliyekwisha kupata misingi ya lugha ya kompyuta iitwayo Python hukabiliwa na swali hili: asome kitabu gani baada ya kile cha kwanza? Aghalabu hununua kingine cha wanaoanza, chenye jalada jipya na masomo yale yale. Huko si kuendelea.

Wako wasemao kwamba misingi yamtosha anayefundisha watoto wadogo. Hatukubaliani nao. Mwalimu wa hesabu wa darasa la tatu hatakiwi kujua hesabu za darasa la tatu tu, la sivyo, mtoto akiuliza "kwa nini?" hatakuwa na jibu.

Kwanza, tutazame mwaka wa kitabu. Python ya 3, iliyotoka mwaka 2008, ilibadili mambo mengi, na Python ya 2 iliacha kuhudumiwa mwaka 2020. Katika ile ya zamani, kugawanya 7 kwa 2 kulitoa 3. Katika hii hutoa 3.5. Anayefuata kitabu cha kale atawapa watoto jibu ambalo kompyuta iliyo mbele yao italikanusha.

Pili, tuulize kama kitabu chaeleza sababu. Vitabu vingi vya mwanzo hufundisha kwamba jina katika programu ni kama sanduku lenye kitu ndani. Basi mwanafunzi huandika alama = [60, 75], kisha nakala = alama, akidhani amepata orodha mbili. Akiongeza 80 katika nakala, hukuta alama nayo imeongezeka. Mfano wa sanduku hauelezi jambo hili. Luciano Ramalho, katika Fluent Python, ambacho chapa yake ya pili ilitoka mwaka 2022, aonyesha kwamba jina ni kibandiko tu, na kitu kimoja chaweza kuwa na vibandiko viwili. Asiyelijua hilo atawaambia watoto kwamba kompyuta imekosea.

Tatu, tupime nguvu zetu. Tufungue sura ya katikati. Tukiielewa yote bila jitihada, kitabu hicho tumekipita. Tusipoelewa hata ukurasa mmoja, wakati wake bado. Kitabu cha Ramalho ni kinene. Mwenye nafasi ndogo aweza kuanza na Effective Python cha Brett Slatkin, kilichogawanywa katika mashauri mafupi ambayo mengi husomeka peke yake.

Vitabu hivi viwili viliandikwa kwa Kiingereza, na bei yake si ndogo. Kwa hiyo twashauri chuo kinunue nakala moja iliyochaguliwa vyema, isomwe kwa zamu, na kila msomaji awaeleze wenzake sura moja kwa Kiswahili chepesi. Atakayeshindwa kuieleza hana budi kuirudia kabla ya kusimama mbele ya watoto.