Wananchi Waonyeshwe Barafu Inavyokwisha

Sisi wa Mbuba, na ndugu zetu wa visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza, tuko mbali na Kilimanjaro. Wengi wetu tunaujua mlima huo kwa picha, na picha yenyewe ni ya zamani: mlima ungali umevaa kilemba cheupe kizima. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha barafu yenye eneo la kilometa za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Hesabu hizo zimo katika majalada ya wataalamu, na mwananchi asiyeonyeshwa jambo hawezi kulaumiwa kwa kutoliamini.

Kuonyesha kunawezekana. Katika kazi yake ya mwaka 2014, mpiga picha Mwingereza Simon Norfolk alipanda Mlima Kenya akatembea usiku na mwenge, akifuata mahali ulipokuwa ukingo wa barafu ya Lewis miaka iliyopita, huku kamera ikiwa wazi. Katika picha, mstari wa moto umelala juu ya mawe makavu, na barafu imerudi mbali nyuma yake. Mtoto wa darasa la tatu ataielewa bila mkalimani.

Ipo barafu nyingine ngumu zaidi kuionyesha, ile iliyojificha ndani ya ardhi na nyufa za miamba ya milima mirefu, ikiyashika mawe kama saruji inavyoshika kokoto. Ikiyeyuka, mlima huanza kuachia. Huko Uswisi, Mei 2025, vipimo na kamera vilionyesha mwamba ulio juu ya kijiji cha Blatten ukisogea, na watu wapatao 300 wakahamishwa. Siku chache baadaye, tarehe 28, mawe na barafu vilikifukia kijiji. Alikufa mtu mmoja. Bila vipimo vile wangekufa wengi.

Je, hayo yanamhusu nini mvuvi wa kisiwani? Mito yetu ya Ngara, Ruvubu na Kagera, humwagika Ziwa Victoria, na Mei 2020 ziwa hilo lilipanda hata kupita kidogo kilele chake cha mwaka 1964. Maji yale yalikuwa ya mvua, hayakutoka Kilimanjaro, na kiongozi anayeyachanganya mambo hayo mbele ya mkutano wa hadhara anawapotosha watu. Lakini maji nayo yakishapungua huwa hayaonekani yalipofika, na mtu hujenga tena palepale.

Tunazitaka halmashauri zipige mstari wa rangi katika kila mwalo, juu ya jiwe au ukuta wa shule, uandikwe mwaka 2020. Picha mbili za Kilimanjaro, ya zamani na ya sasa, zitundikwe pamoja katika shule, madrasa na ofisi za kata. Kopo la rangi halihitaji mfadhili. Kazi ianze na wazee na wavuvi walioyaona maji yale, wangali wanakumbuka yaligusa mlango wa nani.