Bangi ya tiba: je, ni tumaini kwa mkulima wa Kibondo na Kasulu?

Mwaka 2019 suala la kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa lilisikika Bungeni Dodoma, pale baadhi ya wabunge, mmoja wao akitoka Kasulu, waliposhauri Serikali itazame uwezekano wa kuruhusu zao hilo. Tangu wakati huo swali halijazimika. Vijana wetu husoma katika simu zao kwamba nchi za jirani zimetoa leseni, kwamba mafuta ya mmea huo huuzwa kwa bei kubwa ng'ambo, na kwamba jua la nchi za joto hufanya kazi ambayo wakulima wa Ulaya huilipia kwa taa za umeme. Ndipo wanapouliza: ikiwa mkulima wa Buha anayo ardhi, mvua na samadi, kwa nini abaki nyuma?

Swali hili ni halali, na halistahili kujibiwa kwa kukemea tu. Nyuma yake upo umaskini wa kweli, na pia upo uchungu wa wagonjwa wa kweli. Katika makala haya tunapenda kulichambua kwa utulivu, tukitazama majirani wamefanya nini, sheria yetu inasema nini, ardhi yetu inaweza nini, na zaidi ya yote, ni nani hasa atakayevuna.

Majirani wamefanya nini

Lesotho ilitangulia barani Afrika kwa kutoa leseni mwaka 2017. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018, Malawi ikatunga sheria yake mwaka 2020, na Rwanda ikaweka taratibu zake mwaka 2021. Nchini Uganda, kampuni zilizoruhusiwa zilianza kilimo katika wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Katika ngazi ya dunia, tarehe 2 Desemba 2020, Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliyokutana Vienna ilipiga kura 27 dhidi ya 25 kuiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari kupita zote. Hata hivyo mmea huo umebaki chini ya udhibiti wa Mkataba wa mwaka 1961, unaozitaka nchi zinazoruhusu kilimo chake kukisimamia kwa karibu kupitia chombo cha Serikali.

Habari hizi zikisomwa juu juu huonekana kama mlango uliofunguliwa kwa kila mwenye jembe. Zikisomwa kwa makini zinasema jambo jingine. Miongozo ya Uganda ilimtaka mwombaji awe na mtaji usiopungua dola milioni 5 za Marekani. Zimbabwe ilitangaza ada ya leseni ya dola 50,000. Rwanda ilidai shamba lizungushiwe uzio maradufu, liwe na minara ya ulinzi, kamera na taa, na mazao yasafirishwe nje ya nchi. Hakuna hata moja kati ya masharti hayo linaloweza kutimizwa na familia yenye ekari mbili za mahindi na maharage. Kinachoitwa kilimo hapa kinafanana zaidi na kiwanda cha dawa chenye shamba ndani yake.

Sheria yetu inasema nini

Katika Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakifanya kilimo cha bangi kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ni nzito: wapo waliohukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa kosa la kulima. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeteketeza mashamba katika maeneo kama Arumeru mkoani Arusha, Morogoro na Mara. Mbele ya mahakama, kusema kwamba mmea ulikuwa wa dawa, au ulikuzwa kwa samadi bila kemikali, hakuufanyi kuwa halali.

Tunalisema hili waziwazi kwa sababu anayekamatwa mara nyingi ni kijana aliyeahidiwa fedha na mtu asiyeonekana shambani. Mwenye mtaji hubaki mjini. Anayepalilia ndiye anayepelekwa gerezani. Miaka 30 ni ujana wote wa mtu. Ni mke anayebaki peke yake, ni watoto wanaokua bila baba. Mzazi yeyote, katekista yeyote, kiongozi yeyote wa Jumuiya Ndogo Ndogo anayesikia ahadi za namna hiyo zikitolewa kwa vijana anao wajibu wa kuwaonya.

Jua, mvua na udongo wa Buha

Tuseme sasa, kwa ajili ya kulifikiri jambo hadi mwisho, kwamba siku moja sheria inabadilika. Je, nyanda zetu za juu zinafaa? Yapo mema yasiyokanushika: jua la kutosha, usiku wenye ubaridi, samadi ya ng'ombe na mbuzi, na kiangazi cha Juni hadi Agosti kinachoweza kukausha mavuno vizuri. Lakini wanaosifu kilimo cha bangi ya tiba bila kemikali, chini ya anga wazi, hawatuelezi matatizo yake katika nchi ya joto.

La kwanza ni urefu wa mchana. Mmea huu hungoja usiku mrefu ndipo utoe maua, na maua ndiyo yanayobeba dawa. Huko Ulaya na Kanada hukua wakati wa mchana mrefu wa kiangazi, kisha hutoa maua usiku unaporefuka. Kibondo na Kasulu ziko kati ya nyuzi 3 na 5 kusini mwa Ikweta, ambako mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Mbegu nyingi za kigeni zikipandwa hapa huona usiku mrefu tangu mwanzo, nazo hutoa maua zikiwa bado fupi, na mavuno huwa haba. Mkulima hulazimika kuwasha taa usiku ili kuchelewesha maua, katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa.

La pili ni mvua. Msimu wetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ua la mmea huu limeshonana na hushika maji, kwa hiyo huoza na kuota ukungu kwa urahisi. Sisi tunaofahamu hatari ya sumukuvu katika mahindi hatuhitaji maelezo marefu: ukungu huo ukimfikia mgonjwa aliyedhoofishwa na saratani, dawa inageuka kuwa sumu. La tatu ni udongo. Mmea huu hufyonza metali nzito kama risasi na kadimiamu zinapokuwemo ardhini, na samadi njema haiziondoi. La nne ni chavua: upepo ukileta chavua ya bangi iliyopandwa kwa siri mahali pengine, maua hufanya mbegu na dawa yake hupungua.

Matatizo haya yanaweza kutatuliwa kwa nyumba za kioo au plastiki, maabara, na wataalamu wa kupima kila fungu la mavuno. Daktari anahitaji kujua kwamba tone la leo lina nguvu sawa na tone la mwezi ujao. Ndiyo maana mmea hauwi dawa shambani. Huwa dawa pale unapopimwa, kusafishwa, kuwekewa kipimo na kukabidhiwa kwa mgonjwa na mtu anayewajibika. Thamani kubwa ya fedha nayo huzaliwa katika hatua hizo, mbali na jembe.

Somo la mkonge, tumbaku na pakanga

Buha haihitaji kufundishwa na wengine juu ya mazao yanayotajirisha watu wa mbali. Wakati wa ukoloni, Waha kwa maelfu walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga wakiitwa manamba, kwa sababu kila mtu alihesabiwa kwa namba. Wengi walirudi na blanketi na kifua kibovu, na wengine hawakurudi. Katika siku zetu, wakulima wa tumbaku wa Kibondo na Kasulu wanajua maana ya pembejeo za mkopo, makato yanayotangulia malipo, na miti iliyokatwa kwa ajili ya kukausha majani.

Mfano ulio karibu zaidi na suala letu ni pakanga, mmea unaotoa kiini cha dawa mseto ya malaria. Kati ya mwaka 2004 na 2005 dunia ilikumbwa na upungufu wake, bei ikapanda, na wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda wakahamasishwa kuupanda. Wengine duniani nao wakaupanda kwa wingi. Kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeporomoka. Malaria haikuwa imekwisha, na dawa iliendelea kuhitajika. Lakini mkulima mdogo ndiye aliyebeba hasara ya soko lililojaa. Bangi ya tiba nayo imepita njia kama hiyo: baada ya msisimko wa miaka ya 2018 na 2019, uzalishaji ulizidi mahitaji katika Kanada na kwingineko, bei zikashuka, na kampuni nyingi zikafunga milango.

Mgonjwa yuko wapi katika mjadala huu?

Hapa tunafika penye kiini. Tunaambiwa kwamba zao hili ni kwa ajili ya wagonjwa. Mwezi Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Epidiolex, iliyotengenezwa kutokana na mmea huu, kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Hilo ni jema. Lakini dawa hiyo ina kiini cha CBD, nayo imesafishwa ili isibaki na THC, kile kinacholevya. Mama anayempa mtoto wake mwenye kifafa maji ya bangi ya mtaani hampi dawa hiyo. Anampa kilevi kisichopimwa, na anaweza kumwongezea madhara.

Tena, yale mazao ya Kasese au Rwanda yanakwenda ng'ambo. Mgonjwa wa saratani anayerudishwa nyumbani Kibondo kutoka Hospitali ya Bugando hatapunguziwa maumivu kwa sababu tu mmea wa dawa umelimwa kilomita chache kutoka kitandani pake. Kinachoweza kumpunguzia kimejulikana kwa miaka mingi nacho si ghali: mofini ya maji. Uganda ilionyesha njia. Tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa mwaka 1993, unga wa mofini umekuwa ukiagizwa, kuchanganywa na maji na kugawiwa kwa wagonjwa. Na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, ili dawa ifike hata vijijini. Uganda haikuhitaji kulima afyuni ili kutuliza maumivu ya watu wake. Ilihitaji sheria yenye huruma, wauguzi, na vituo vinavyoaminika.

Mafundisho ya Kanisa

Mama Kanisa hauchukii mmea wowote ulioumbwa na Mungu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba dawa hutoka katika ardhi kwa mapenzi ya Bwana na kwamba mwenye busara hazidharau. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inayahesabu matumizi ya dawa za kulevya kuwa kosa zito, isipokuwa kwa sababu za tiba tu, na inalaani uzalishaji wa siri na biashara yake. Namba 2279 inaitaja huduma ya kutuliza maumivu kuwa namna ya pekee ya upendo. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, mwezi Juni 2014, alipinga kuhalalishwa kwa dawa za kulevya kwa ajili ya starehe, akikazia kwamba vijana wanahitaji elimu, kazi na matumaini.

Kwa mwanga huo, msimamo wetu ni huu. Serikali ikiona vema siku moja kuchunguza kilimo cha bangi ya tiba, Kanisa halina sababu ya kukataa uchunguzi wa kitaalamu. Lakini tutauliza: je, mgonjwa wa Tanzania ataipata dawa hiyo? Je, mkulima mdogo atakuwa na sehemu, au atakuwa kibarua nyuma ya uzio? Je, Mkutano Mkuu wa Kijiji utasikilizwa kabla ardhi haijatolewa, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka? Bila majibu ya maswali haya, zao jipya litakuwa mkonge kwa jina jingine.

Yanayowezekana sasa

Hatuna haja ya kungoja sheria mpya ili kutenda mema. Yule anayependa kilimo hai anayo mazao halali yanayongoja mikono yake. Viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vipo tangu mwaka 2007, na alama ya Kilimohai inatambulika. Wakulima wa kahawa wa Kigoma walioungana katika ushirika wa Kanyovu wamewahi kuifikisha kahawa yao katika masoko ya nje. Asali ya misitu ya miombo ya Kibondo haihitaji mbolea wala uzio maradufu. Inahitaji miti isiyokatwa, mizinga safi na chama kinachouza pamoja.

Yule anayeguswa na mateso ya wagonjwa naye anayo kazi. Halmashauri Walei za parokia, Caritas na wahudumu wa afya, kuanzia Hospitali ya Kabanga hadi zahanati za vijijini, wanaweza kuuliza kwa sauti moja na kwa heshima: katika wilaya yetu, mgonjwa mwenye maumivu makali anapata wapi mofini ya maji, na nani amefunzwa kuitoa? Na katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo, tuulize ni nani amelala kwa maumivu wiki hii, na ni nani atakayemtembelea.

Tuwaombee wagonjwa wetu, vijana wetu wanaotafuta riziki, na wote waliopewa mamlaka ya kutunga sheria, ili ardhi aliyotukabidhi Mungu izae chakula, dawa na amani kwa watu wake wote.