Mawe ya Kwetu na Karatasi Zake



Mutu wa Kolwezi anaweza kuzeeka bila kujua kama jina la muji wake limeandikwa katika vitabu vya mawe vya dunia nzima. Kuna jiwe linaloitwa kolweziti, wataalamu walilieleza mara ya kwanza mwaka 1980. Likasi nayo iko na lake, likasiti (1955). Kamoto iko na kamotoiti (1986). Hata Shaba, lile jina Katanga ilipewa wakati wa Mobutu, limebaki katika jiwe: shabaiti (1989). Jimbo lilirudia jina la zamani, jiwe halikubadilika.

Juu gani jiwe linapewa jina? Si kwa sababu ni zuri. Mwenye kulipata anapaswa kupima mna nini ndani yake, na namna gani vipande vyake vidogo sana vimepangwa. Kama halifanani na jiwe lingine lolote lenye kujulikana, anapeleka habari mbele ya wakubwa wa elimu ya mawe wa inchi mbalimbali. Wakikubali, jina linapita. Lakini leo kuna sheria moja zaidi: kile kipande chenyewe alichopima kinapaswa kuwekwa katika nyumba ya makumbusho, ile tunaita muze. Kile ni shahidi. Kisha miaka mia mutu akiwa na mashaka, anakwenda kufungua sanduku na kuangalia.

Basi, mawe mengi ya Katanga yanakaa Tervuren, karibu na Bruxelles, katika muze kubwa ya Afrika ya Kati. Mwanzo wa muze ile haukuwa muzuri. Mwaka 1897 mufalme Leopold wa Pili alileta pale Wakongomani 267 ili Wabelgiji waje kuwatazama. Saba walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo. Muze ilifungwa mwaka 2013 kwa kutengenezwa upya, ikafunguliwa tena katika mwezi wa kumi na mbili 2018, na sasa yenyewe inaeleza mambo hayo. Ni vizuri, hata kama imechelewa sana.

Mutu anayeingia anaona vitu kidogo tu. Kazi yenyewe iko nyuma, katika masanduku. Wanyama peke yao, pamoja na wadudu na samaki, wanafika milioni 10. Vipande vya miti pia viko pale, na watafutaji wa Afrika wanakwenda kujifunza elimu ya samaki. Mimi ninalotaka muangalie ni karatasi. Kila jiwe liko na namba, na namba ile inapeleka kwenye karatasi: limetoka shimo gani, siku gani, nani alilileta. Pasipo karatasi jiwe ni pambo tu.

Na hapa kwetu? Kijana anapata jiwe zuri shimoni, mununuzi analichukua kwa franka kidogo, na hapendi kusema limetoka wapi ili wengine wasiende kule. Linafika Ulaya na neno moja tu, «Katanga». Katanga ni kubwa karibu sawa na Ufaransa! Yule kijana alijua shimo na urefu wake chini, lakini hakuna aliyemuuliza.

Sasa neno kwa wamama na wababa. Si kila jiwe la kijani ni malakiti. Mwaka 1933 wataalamu walieleza jiwe la Kalongwe lenye sindano ndogo za kijani, laini sawa nywele. Ndani yake mna shaba, na mna uranium pia. Linaitwa kuprosklodowskiti. Ni ndugu ya lile jiwe la manjano la Shinkolobwe lililopewa mwaka 1924 jina la ubinti la Marie Curie. Kilima cha Kasolo pale Shinkolobwe kiko na lake pia, kasoliti (1921). Mawe haya yanatoa mionzi, na hewa mbaya isiyo na harufu. Katika muze wanayatenga na mengine, wanapitisha hewa, wanapima. Kwetu yanaweza kukaa juu ya televisheni, ao mutoto anachezea chini ya kitanda.

Macho hayatoshi kuyatambua. Inaomba mashini ya kupima mionzi. Kwa hiyo jiwe la sindano za kijani, ao la manjano kali, ao la rangi ya machungwa, lisiingie nyumbani. Musilisage, musilipe mutoto, munawe mikono. Walimu wa elimu ya mawe katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi ndio wa kuulizwa.

Kwa mawe mengine, masomo yoyote yanaweza kuanza muze ndogo. Sanduku la mbao na daftari vinatosha. Mupake doa dogo la rangi nyeupe upande wa chini wa jiwe, muandike namba kwa wino mweusi, kisha katika daftari muweke namba ile ile, fasi, tarehe na jina la aliyeokota. Namba ikae juu ya jiwe lenyewe, maana panya wanakula karatasi.